Gramu Kumi

Bweni la wanafunzi, chumba 214
4 Februari

Kaka yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo salamu zitakuwa chache na hoja zitakuwa nyingi. Shangazi hajambo, ila mguu unamsumbua, na analalamika kwamba huandiki. Nimemwambia unaandika, lakini maneno unayapima kama dawa.

Jana Duara letu la wakusanyaji wa sanamu lilikutana maabara kumjadili Mlinzi, ile sanamu ya roboti ambayo Kampuni yenu inatuuzia kwa mshahara wa miezi miwili wa karani kama wewe. Tulimsimamisha mezani, tukamzunguka watu kumi na mmoja. Hoja ya kwanza unaijua: hageuki. Katika katuni ya utoto wetu Mlinzi alikunja magoti akawa gari la zimamoto, nasi tukimwigiza sakafuni, wewe ngazi, mimi king'ora. Huyu hawi chochote. Anasimama tu. Mwalimu wa Fizikia akasema, "Kwa bei hii angegeuka angalau kiti, nikamkalia." Fundi Saa, mkubwa wetu kwa umri na kwa ukorofi, akamjibu, "Asiyegeuka hana mianya. Tazama kifua hiki, hata unywele haupiti. Wewe kama unataka vya kupinduapindua, kanunue mwavuli."

Hapo nilimuunga mkono Fundi Saa. Sina ugomvi na kusimama. Ugomvi wangu ni uzito. Nilimnyanyua Mlinzi nikahisi nimenyanyua boksi tupu la viatu. Plastiki kifuani, plastiki mapajani, plastiki mabegani, na juu yake rangi ya chuma iliyopakwa kwa ustadi ili mtu adanganyike vizuri! Bi Mshonaji alijaribu kuitetea: plastiki haichubuki, tena haichoshi viungo. "Mimi yule wangu wa chuma wa zamani kiuno kimelegea, kila nikimsimamisha anainama kama ameangusha sindano." Tulicheka sana. Kisha nikasimama na kusema kwamba kitu kinachojidai kuwa chuma huku si chuma ni uongo unaouzwa kwa risiti, na kwamba uongo hauzoeleki, unapingwa.

Nimepewa kazi ya kuandika waraka. Utaitwa Waraka wa Uzito. Wewe ni karani, haukuhusu, kwa hiyo usiogope.

Mdogo wako,
Kiberiti


Bweni la wafanyakazi, lango la pili
22 Februari

Kiberiti,

Barua yako imefika. Imemzidi Mlinzi uzito.

Mimi mzima. Kazi ni ileile ya ghalani: nabandika lebo, nahesabu maboksi, nakaa kwenye kiti. Simu bado haziruhusiwi, wanaogopa picha za sanamu mpya zisivuje, basi tuvumiliane na posta.

Nina swali moja, na tafadhali usinijibu kwa hotuba. Mlinzi akishaingia kwenye kabati la kioo, nani anambeba tena? Huo uzito utamfaa nani? Huku wanaounganisha plastiki wanaipenda plastiki. Ni safi. Mtu akitoka zamu anapiga makofi mara mbili, basi amekwisha nawa.

Mwambie shangazi nitaandika. Mguu auweke juu ya mto.

Kaka yako


Chumba 214
10 Machi

Kaka,

Umeniomba nisihutubie, nami nimejaribu, nimeshindwa.

Uzito utamfaa nani? Utamfaa kila aliyechoka kupewa sura badala ya kitu! Leo tunakubali roboti mwepesi, kesho tutakubali shahada nyepesi, sheria nyepesi, viongozi wanaopeperuka. Mtu anayeanza kudai ukweli aanzie pale mkono wake unapofika, na mkono wangu unafika kwenye kabati la vioo. Mimi sioni aibu kwa hilo.

Waraka umekwisha. Umetiwa saini na wakusanyaji mia sita na kumi na wawili, na umechapishwa katika jarida letu. Tena hatukuwasahau watu wa kiwandani. Aya ya nne inasema: "Tunadai chuma pia kwa niaba ya mikono inayomwunda Mlinzi, kwa maana hakuna mfanyakazi asiyestahili fahari ya kuunda kitu cha kudumu." Fundi Saa aliposikia aya hiyo alivua miwani. Wewe uliye karibu nao, hukuona fahari kidogo?

Bahasha yako ilifika imechanwa na kubandikwa utepe upya. Posta ya huko haina adabu.

Kiberiti


Lango la pili
2 Juni

Kiberiti,

Nimechelewa, nisamehe. Mmeshinda. Kifua, mapaja na mabega ya Mlinzi sasa ni chuma, aloi ya zinki. Nyapara alitusomea Waraka kwenye paredi ya asubuhi, na aya ya nne aliisoma mara mbili. Hakumjua aliyeiandika. Nami sikumwambia.

Nyuma ya ghala kimefunguliwa chumba kipya. Mafua yamenikaa tangu Aprili, si kitu cha kukutisha.

Nakutumia zawadi. Kila mfanyakazi alipewa Mlinzi mmoja wa toleo la chuma, na wako ni boksi namba 17. Nilikuwepo lilipobandikwa lakiri. Sasa nisikilize. Najua nyinyi wa Duara mnavyoitukuza lakiri, boksi lisilofunguliwa mnaliona kama bikira. Hili ni la ndugu kwa ndugu. Lifungue. Mtoe Mlinzi, toa na trei, mpaka chini kabisa. Kisha uniandikie kabla ya tarehe 30, maana siku hiyo tunasaini mikataba mipya ya miaka miwili. Nitafanya utakalosema.

Kaka yako


Chumba 214
15 Juni

Kaka yangu kipenzi,

Nimelifungua! Nimemtoa mpaka chini, kama ulivyoagiza. Sasa hivi amesimama mezani, kati ya kamusi na taa, ananikodolea macho nikiandika. Kifua chake ni baridi kama chupa ya maji. Nikimweka chini meza inaitikia. Ahsante, ahsante, na tena ahsante. Hakuna mtu katika Duara mwenye kaka kama huyu.

Na mkataba? Mbona unaniuliza jambo lililo wazi kiasi hicho? Saini! Kazi ya kiti, kivulini, mwandiko wako unasifiwa, na mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu tu kumaliza chuo kama ulivyomwahidi mama. Usilegee sasa. Kila mahali pana adha zake. Hata mimi huku nakula vumbi la chaki. Kaza buti, kaka. Miaka miwili si milele.

Mafua kunywa maji ya moto.

Kiberiti


Lango la pili
1 Julai

Kiberiti,

Nimepokea. Niliisoma mara tatu, nikitafuta kama umeficha kitu katikati ya mistari. Hukuficha.

Basi nimekuelewa. Nilisaini jana. Sina kinyongo, mtu akiulizwa naye akajibu, amejibu. Wewe soma.

Kaka yako


Chumba 214
20 Agosti

Kaka,

Barua yako ya Julai ilinichoma, na mpaka leo nimeigeuzageuza sijaona ncha yake iko wapi. Kinyongo cha nini? Nimekuelewa nini? Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Kama umenikasirikia kwa sababu ya Waraka, sema, tubishane kama zamani. Ukimya wako siuwezi. Hauna pa kuushika nikaujibu.

Huku Duara limegawanyika. Mwalimu wa Fizikia alimfungua Mlinzi wake wa chuma, naye baada ya wiki sita nyonga imeanza kushuka na rangi ya bega imechubuka. Bi Mshonaji hatuachi tupumue: "Niliwaambia. Mmeomba chuma, mmepewa chuma, sasa mshoneeni suruali apate pa kujifichia nyonga." Fundi Saa anasema tatizo si chuma, ni umaliziaji. Alimwelekezea kioo chake cha kukuzia upande wa ndani wa paja, akaona mikwaruzo ya msasa. Mikwaruzo, kwa bei ile! Kwa hiyo tunaandika waraka wa pili: tunadai kila kipande kisuguliwe mara mbili, kwa msasa mwembamba zaidi, mpaka kiakisi uso wa mtu. Rasimu ninayo mimi.

Nijibu, hata kwa matusi.

Kiberiti


Kwa mjomba wangu, mtaa wa karakana
9 Septemba

Dada,

Hunijui. Kule bwenini wananiita Kinyozi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawanyoa wenzangu, kaka yako akiwamo. Kitanda chake chini, changu juu. Mimi nimefukuzwa kazi wiki iliyopita, ndiyo maana naweza kukuandikia bila barua hii kupita mikononi mwa watu wa lango.

Kaka yako yuko hospitali tangu tarehe 26 mwezi uliopita. Ni mapafu. Alianza kukohoa sisi tukimtania, tukimwita Trekta, maana alikuwa anawaka kwa shida asubuhi. Baadaye tukaacha utani. Siku ile alianguka kwenye mashine ya kusugulia, na nyapara akasema mashine izimwe kwanza ndipo anyanyuliwe.

Sijui alikuambia anafanya kazi gani. Usimlaumu. Ghalani hajawahi kukaa. Alikuwa anaunganisha plastiki, na chuma kilipokuja wakamhamishia chumba cha msasa kwa sababu ana mkono mtulivu.

Nilimuuliza, "Wewe, mbona humwandikii mdogo wako?" Akasema, "Nilimwandikia. Alinijibu." Nikamuuliza alijibu nini. Akageukia ukutani.

Mimi si mtu wa kuingilia mambo ya ndugu. Lakini kama kuna jambo uliombwa, dada, liangalie tena. Anwani yangu iko nyuma ya bahasha. Huwa naenda kumwona siku za Jumatano na Jumapili.

Kinyozi


Lango la pili
28 Mei

(Karatasi mbili, chini ya trei, boksi namba 17)

Kiberiti,

Barua zetu zinasomwa langoni, zinazotoka na zinazoingia. Hii nimeipitisha ndani ya Mlinzi, kwa kuwa boksi lenye lakiri halisomwi na mtu.

Nilikudanganya. Sijawahi kuwa karani. Nilijua ukisikia niko kwenye mashine utaacha chuo uje kuvunja lango, na mama aliniachia neno moja tu, kwamba umalize. Plastiki ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini nilikuwa nalala. Sasa niko chumba cha msasa. Kila paja la Mlinzi linapita mikononi mwangu, na vumbi lake ni la kijivu, jembamba kama unga wa kupaka usoni. Barakoa tunapewa moja kwa wiki. Siku ya tatu inakuwa kama tambara la jikoni. Nikipenga kamasi zinatoka za kijivu. Daktari wa kiwanda anasema ni mafua. Wa mjini, nilimwona kwa siri, anasema niondoke sasa, kifua kingali kinaweza kupona.

Nyapara alipomaliza kusoma aya yako ya nne alituuliza, "Nani hapa alimtuma huyu mtu amwombee fahari?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Sikulaumu, ulikuwa hujui. Ninachokuomba ni hiki. Nimechoka, lakini ahadi ya mama siwezi kuivunja peke yangu. Ni yako pia. Ukiniruhusu nitarudi kwa shangazi, nitatengeneza baiskeli, nawe utasoma polepole zaidi kuliko tulivyopanga. Katika barua yako usitaje vumbi wala mapafu. Andika tu neno "rudi", mahali popote. Likiwemo, sitasaini. Lisipokuwemo, nitajua umeona bado inabidi, na nitaendelea, wala hatutaongelea tena jambo hili.

Mlinzi ni mzuri, kusema kweli. Paja la kushoto nilisugua mwenyewe.

Kaka yako


Chumba 214
14 Septemba

Kaka yangu,

Sikulifungua boksi.

Naandika sentensi hiyo peke yake ili nisipate pa kuipambia. Niliandika nimelifungua, na nilikuwa muongo. Kifua baridi kama chupa ya maji nilikishika cha Mwalimu wa Fizikia. Lako nililiweka juu ya kabati likiwa na lakiri yake, kwa sababu ni la namba ya chini, kwa sababu katika Duara boksi lisiloguswa ndilo lenye heshima, na kwa sababu nilitaka wewe ufurahi na mimi nibaki nalo zima. Nilitaka vyote viwili. Mimi, niliyesimama mbele ya watu na kusema uongo unapingwa!

Kuna jambo baya zaidi, nawe lazima ulisikie kutoka kwangu. Mwezi Julai tuliyapima maboksi ya toleo la chuma yaliyokuwa bado yamefungwa, kwenye mizani ya maabara. Yote yalilingana. Lako peke yake lilizidi, kwa gramu kumi. Kaka, tulishangilia! Fundi Saa alisema chuma cha boksi hili kimejaa vizuri kuliko vingine. Mwalimu wa Fizikia akaandika takwimu ubaoni. Mimi nikatunga makala: "Gramu Kumi za Ushindi." Imechapishwa. Watu wameisifu. Zilikuwa karatasi zako mbili.

Jana, baada ya barua ya Kinyozi, niliikata lakiri kwa kisu cha mkate. Nilisoma nimekaa sakafuni. Rasimu ya waraka wa pili nilikwenda nayo kwenye Duara nikaichana mbele yao, kisha nikawasomea barua yako. Mwalimu alifuta miwani. Fundi Saa akauliza kama hiyo mikwaruzo aliyoiona ilikuwa ya mkono wako. Nikamwambia ndiyo. Bi Mshonaji akasema, "Kwa hiyo alikuwa anatuandikia kila mahali, na sisi tunalalamika mwandiko." Nilitoka nje. Nilitafuta hata hoja moja, maana ndiyo kazi yangu, nikakuta nimebaki na pumzi tu, na hata hiyo nikaona haya kuwa nayo.

Neno lako hili hapa. Linakuja na miezi mitatu ya ucheleweshaji na halistahili kusamehewa.

Rudi. Rudi, kaka. Rudi.

Kiberiti


Mtaa wa karakana
21 Septemba

Dada,

Barua yako nilimpelekea Jumatano. Macho yanamchoka, nikamsomea mimi. Pale kwenye boksi alifumba macho nikadhani amelala. Pale kwenye gramu kumi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akanifukuza nikakaa kwenye benchi la ukumbini saa nzima ndipo nikarudi kumalizia.

Lile neno aliniambia nilisome tena. Nikalisoma. Akasema, "Mwambie nimelipata."

Daktari haruhusu safari. Anasema mwili hauwezi, wala hasemi lini utaweza, na mimi sikumsukuma aseme. Kiwanda kimetuma mtu kuuliza kama amevunja mkataba au yuko likizo.

Hazungumzi sana, pumzi anaibania. Lakini nilipokuwa naondoka aliniita akanipa swali, akataka nikuandikie kama alivyolisema. Anauliza: "Bila barua yangu, Mlinzi ana uzito gani?"

Kinyozi


Chumba 214
25 Septemba

Kaka,

Sikumpima. Basi linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Nakuja.

Mdogo wako